Wiki ya Thelathini na Nane

Bi Thirkettle anataka ukurasa mmoja.
Miaka kumi ya watoto waliolazwa kwa dharura,
ukurasa mmoja, anasema, na grafu juu yake,
kikao ni Alhamisi, saa nne.

Nami nakaa orofa ya chini, hospitalini Hull,
chumba kisicho na dirisha, jirani na dobi,
nikigeuza vilio kuwa herufi na tarakimu.
J arobaini na tano ni pumu.
J ishirini na moja, vifua vya wachanga.
T ni sumu: sabuni ya mashine iliyofanana na peremende.
W ni kuanguka, na trampolini ina mwezi wake, Mei,
fataki zina usiku wake,
na pumu ina wiki ya thelathini na nane,
kila mwaka, haikosi, kama kodi:
shule zimefunguliwa, sweta mpya zinawasha shingo,
mafua yanatoka dawati hadi dawati,
pampu ya buluu imesahaulika kwenye begi la likizo.

Kwetu tungesema, kifua kimembana.
Kana kwamba kifua ni mlango
na mtoto ni kidole.

Nachora mstari. Unapanda,
unashuka kidogo, unapanda tena,
kisha ule mwaka shule zilipofungwa
unaporomoka kama aliyekosa ngazi,
na kikaoni wataulizana, wakikoroga chai,
tulifanya nini vizuri mwaka ule?
Hatukufanya kitu. Watoto walikaa ndani tu.
Na ndani, kwa wengine, kuna ukungu.

Nasema ukungu, wala si ule wa mto Humber alfajiri,
unaoaga kwa adabu jua likitoka.
Huu mwingine hauagi. Mweusi,
unaanzia pembe ya dirisha,
unateremka nyuma ya kabati,
unalala na mtoto mto mmoja.
Lugha yangu imevipa vitu hivi viwili jina moja
na sijui kama ni uvivu au ni ujuzi.

Kuna namba moja ya mgonjwa naifahamu.
Miaka minne, kilo kumi na tano.
Miaka mitano, kumi na sita na nusu.
Mara sita katika misimu mitano ya baridi,
mtaa uleule, kando ya barabara ya Hessle.
Muuguzi mmoja aliandika pembeni:
mama auliza tena kuhusu barua ya nyumba.
Msimbo wa nyumba mbovu upo, Z hamsini na tisa.
Hauingii kwenye ripoti.

Washairi wa kwetu huhesabu mizani kwa silabi.
Hapa mizani ni ya chuma, mtoto hupandishwa na soksi zake
ili dawa isizidi. Mimi mstari ninao,
ila hauna kina, popote unapokatika.

Msimu wa sita, ile namba haikuja.
Oktoba nikangoja. Novemba nikangoja,
aibu iliyoje, kungoja mtoto wa mtu augue.
Wamehama? Amekua? Au...
Sheria hainiruhusu kufungua faili nisilotumwa,
nami nina rehani, na binti chuoni.
Mstari ulishuka kwa nukta moja.
Bi Thirkettle ataiita nafuu.

Jumatano usiku, ukurasa umekamilika.
Pumu, pumua, pumzi, pumzika:
mzizi mmoja, nadhani, au masikio yangu yanapenda iwe hivyo.
Chini kabisa ya grafu, penye maelezo madogo
ambayo hakuna asomaye,
naandika: tazama pia Z hamsini na tisa.
Nafuta.
Naandika tena, herufi zimekua kidogo,
natuma kabla mkono haujageuza nia.

Chumba cha pili dobi wanakunja mashuka,
yale mafupi, yenye picha za treni,
yangali ya moto.